Santuri Alizosema Nimpe Egidius

Dada Wilhelmina,

Salaam kutoka Ifakara. Gazeti lenu hutufikia huku likiwa limechelewa, wakati mwingine limeshafungiwa maandazi, lakini ukurasa wako nausoma hata kama umelowa mafuta, na leo nimeona bora nikae niandike maana watu wa kuniambia ukweli hapa mtaani wamekwisha, kila mmoja ananiambia pole halafu anatazama pembeni.

Naitwa Serafina, ni mjane. Nalima mpunga, na kazi za shamba zikipungua nashona nguo kwa cherehani hapa barazani. Mume wangu, Kelestini, alifariki mwezi wa tatu mwaka huu wa tisini na sita. Alikuwa mfanyakazi wa reli, kwenye genge la kutengeneza njia, yeye na rafiki yake Egidius wa Kisawasawa, walianza kazi pamoja wakiwa vijana wakati reli yenyewe bado inanukia rangi, na hao watu wawili walikuwa na wazimu mmoja, santuri. Wenzao wakipata safari walileta vitenge na mabeseni, wao walileta santuri, kutoka Dar es Salaam, kutoka Mbeya, na kuna mwaka walifika mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia wakarudi na begi zima limejaa santuri tu, na mimi nikiwa nimeagiza sufuria. Egidius hakuwa na mashine ya kupigia, kwa hiyo zote zilikaa kwetu, kwenye kabati ambalo Kelestini alilitengeneza mwenyewe, zimesimama wima kama vitabu, na ipi alinunua nani nadhani walishasahau wenyewe.

Kila Jumapili baada ya misa Egidius alikuja na baiskeli yake, wakatoa mashine nje, wakakaa mpaka jioni, wanapiga, wanabishana nani anapiga gitaa la pili, wanageuza upande. Mimi nilikuwa jikoni. Muziki wote ule niliusikia ukipita ukutani na moshi. Nikisogea nishike hata jalada Kelestini alikuwa anasema, "Mama Eveline, mikono ina unga," na kweli ilikuwa na unga, basi nikarudi jikoni. Binti yetu alikua hivyohivyo, akaolewa Mngeta, na hajawahi kugusa hata moja. Watu walipoanza kununua redio za kaseti wakamcheka, mzee bado unapiga masahani, yeye akawajibu kwamba kanda unaisikiliza tu, santuri unaitunza. Nilikuwa sielewi maana yake.

Halafu akaanza kuumwa. Homa, tumbo, akapona, ikarudi, akakonda, halafu ukamtoka mkanda wa jeshi ubavuni, na wewe dada unajua watu wakisikia mtu ametoka mkanda wa jeshi wanasema nini. Egidius alikuja mwanzoni, akakaa kidogo, akaacha kuja. Na si yeye tu, baraza letu lililokuwa linajaa watu siku za Jumapili likabaki na mimi na kuku. Dada yake Kelestini, wifi yangu Balbina, ndiye pekee aliyekuwa anaingia mpaka ndani na kunisaidia kumgeuza.

Mchana mmoja, nimemaliza kumwogesha, akaniambia, "Niletee santuri."

Nikamuuliza ipi.

"Yoyote. Nataka kuishika."

Nikatoa moja, akapiga kelele hapohapo kitandani kwa sauti ile iliyobaki, "Pembeni! Shika pembeni, vidole visiguse mistari!"

"Kama mtoto mchanga?"

"Mtoto hakwaruziki," akasema. "Shika vizuri."

Ndivyo nilivyoanza. Alinifundisha akiwa amelala. Namna ya kuitoa kwenye jalada bila kuikwaruza, namna ya kufuta vumbi kwa pamba ukifuata duara na si kukatiza, namna ya kushusha sindano polepole mpaka isikike ule mchakacho mdogo kabla muziki haujaanza, kama mvua inayojaribu bati. Betri zikiisha nguvu nilizianika juani, zikapata uhai wa siku mbili tatu. Nilijifunza kwamba kila santuri ina harufu yake, nyingine vumbi, nyingine mafuta ya taa ya duka ilikotoka. Nilijifunza kuna moja ina mkwaruzo, ikifika katikati ya shairi inaruka, na baada ya muda nikawa naungojea huo mruko, ukipita nasikia kama rafiki ameitikia hodi. Nilijifunza kwamba upande wa pili, ambao hakuna anayeuomba kwenye sherehe, mara nyingi ndio mzuri zaidi. Nilikuwa naamka asubuhi na kumaliza kazi zangu haraka, naenda shamba narudi mbio, si kwa sababu ya mgonjwa peke yake, ni kwa sababu nilijua leo tutatoa zile za safu ya chini ambazo bado sijaziona.

Nakuambia kitu cha aibu, dada, sijamwambia hata padre. Miezi ile mume wangu anakufa ndiyo miezi niliyofurahi kuliko yote ya ndoa yangu. Majirani walisikia muziki mchana kweupe kwenye nyumba ya mgonjwa wakasema Serafina anacheza dansi huku mume anakwisha. Sikuwa nacheza, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kitambaa mkononi, lakini moyoni, sijui, labda nilikuwa nacheza.

Kitu kimoja ndicho kilikuwa kinaharibu. Kila siku, kila siku ya Mungu, aliniuliza, "Egidius hajaja?" Na mimi nikamwambia yuko kwenye mavuno. Mavuno yakaisha nikasema baiskeli imekatika mnyororo. Mvua zikaanza nikasema njia mbaya. Nilikuwa natuma salamu kwa kila mtu anayepita Kisawasawa, hakuna jibu. Nikaenda mwenyewe siku moja, nikamwacha mgonjwa na Balbina, nikapanda basi, nikafika kwenye nyumba ya kaka yake Egidius anakoishi, mke wa kaka akatoka akaniambia, "Egidius hayupo, ameenda Mngeta kutafuta vibarua." Lakini baiskeli yake imeegemezwa ukutani, naiona. Nikageuka, nikangoja basi la kurudi, na nilipofika nyumbani Kelestini akauliza umemwona, nikasema, "Nimemwona, anakusalimia sana, atakuja." Alilala vizuri siku ile.

Siku chache kabla hajafa, nimemaliza kupiga, narudisha santuri kwenye jalada, akanishika mkono. Alikuwa hana nguvu lakini alinishika nikasikia mifupa. Akasema, "Zote mpe Egidius. Yeye ndiye anajua thamani yake."

Nikasema sawa.

"Usiseme sawa. Sema naahidi."

Nikasema, "Naahidi, Baba Eveline."

Akafa. Ilikuwa wakati wa mafuriko, maji yamekaa kila mahali, kaburi likichimbwa linajaa, vijana wa jumuiya wakawa wanakumba maji kwa ndoo mpaka padre amefika, na jeneza liliposhuka nilisikia limegusa maji. Sauti ile bado ninayo. Egidius hakuja kwenye maziko. Sikumwona.

Baada ya arobaini nikafungua kabati. Nilisema nitazifuta tu vumbi, nikapiga moja, kesho yake nikapiga nyingine, na sasa kila siku nikitoka shamba ndiyo kazi yangu, nazipanga, nazipangua, siku nyingine napanga kwa rangi za majalada, siku nyingine kwa sauti, wanawake huku, wanaume huku. Ni kitu pekee kwenye nyumba hii ninachokifahamu mpaka ndani. Na kila nikishika moja lile neno linanichoma. Yeye ndiye anajua thamani yake. Mimi niliyefuta, niliyegeuza, niliyeanika betri kama mpunga, mimi sijui thamani?

Sasa dada, mwezi uliopita niko kwenye cherehani, akaja mtu na fimbo, akasimama nje ya baraza. "Hodi, shemeji."

Sikumtambua. Nikamtazama, akasema, "Ni mimi. Egidius."

Nilikuwa nimemwandalia matusi tangu mwezi wa tatu, niliyapanga vizuri, nikienda shamba nayarudia njiani. Yote yalinitoka kichwani. Suruali ilikuwa ya mtu mwingine, au labda ni yake ya zamani, mkanda umetobolewa matundu mapya mpaka ncha inaning'inia, na kwenye paji la uso na kope ya jicho moja kovu la ule mkanda mwingine niliokutajia. Nilikuwa naujua ule mwili. Nilikuwa nimeuogesha mwaka mzima.

Akaketi. Akasema, "Siku ile ulipokuja nilikuwa ndani."

"Najua. Niliiona baiskeli."

"Nilianza kuumwa wakati uleule, shemeji. Nikajua nikimtazama Kelestini nitakuwa najitazama mwenyewe. Nikashindwa. Siku ya maziko nilifika mpaka Kibaoni hapo karibu, nikakaa pale kwenye gogo, nikarudi."

Halafu akauliza, "Alisema neno lolote juu yangu?"

Dada, sikumjibu. Niliinuka nikaenda kuchemsha uji. Nikamletea, akanywa polepole akitazama kabati kupitia mlangoni, akasema, "Kama hakusema, sawa. Ana haki," akaomba njia. Hakuomba santuri wala kitu kingine chochote.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Ahadi niliitoa kwa mdomo wangu. Lakini nikimpa, yule naye anakwenda, sote tumeona, na ile nyumba ya kaka yake ina watu wengi na hakuna hata mmoja anayejua santuri ni nini, baada ya miezi watazifunikia mitungi ya maji. Nisipompa nimemdanganya marehemu. Na mimi mwenyewe sijui nina muda gani, maana mume aliyelala humu ndani alikuwa wangu. Sina picha yake nzuri, sina nguo zake, ndugu waligawana, nina hizi tu. Nimpe? Nimnyime? Nimgawie nusu na nusu nibaki nayo? Niambie usinionee huruma.

Ni mimi, Serafina, Ifakara.


MAMA WILHELMINA ANAJIBU

Serafina, unaniita dada, nami nimekubali, ingawa wengi siku hizi wananiita mama. Nilikusoma mara ya kwanza nikakuonea huruma, nikakusoma mara ya pili nikakasirika, na sasa nakujibu nikiwa na vyote viwili. Pole kwa msiba. Pole kwa lile jeneza na maji. Hilo halina ushauri, linabebwa tu.

Tuanze na unachokiita aibu. Acha. Ulimwogesha, ulimlisha, ulimgeuza, na katikati ya kazi hiyo ukapata furaha. Nani alikuambia mgonjwa anauguzwa kwa kununa? Mume wako aliishi na wewe miaka yote hiyo akikuacha jikoni, na alipolala chini ndipo akakufungulia kabati. Mlichelewa, lakini mlifika. Nina barua humu mezani za wanawake ambao hawakufika kabisa. Na hao majirani waliohesabu nyimbo zako, mwulize mmoja wao ni siku gani aliingia ndani akashika beseni. Hatakuwa na jibu, na maneno yatakwisha.

Sasa lile neno la Kelestini. Nakuambia waziwazi alikukosea, na simwogopi kwa kuwa ni marehemu. Mtu aliyekufundisha mwaka mzima alipaswa kuona kwamba umefundishika. Hakuona. Wanaume wengi wa rika lake wana jicho la rafiki, la mke hawana. Lakini wewe nawe jitazame. Ulimficha kwamba Egidius amekimbia. Kila siku ulimjengea rafiki mwema, leo yuko mavunoni, kesho baiskeli, keshokutwa anakusalimia sana. Halafu yeye akamwachia rafiki huyo mwema mali yake, na wewe ukaumia. Ulimtengeneza Egidius wewe mwenyewe, ukamlaumu mume kwa kumwamini. Sikulaumu kwa uongo ule, ulimpa usingizi mgonjwa. Ila usiugeuze kuwa deni la marehemu.

Hasira yangu iko kwenye uji. Mtu ametoka Kisawasawa akijikongoja na fimbo, amekueleza woga wake bila kujitetea, woga ambao mimi na wewe tungeweza kuwa nao, akakuuliza neno moja tu. Ukampa uji. Ulikuwa na haki ya kumtukana, Serafina. Ungemtukana ningekuelewa. Lakini kumwacha arudi nyumbani akiamini rafiki yake alikufa amemkasirikia, wakati wewe una neno lake mfukoni, huo ni ukatili, na naamini unajua, ndiyo maana hulali.

Kuhusu santuri zenyewe, hebu tuache mambo ya ahadi kwa marehemu, kwa sababu marehemu hasikilizi tena muziki. Tazama walio hai. Wewe mwenyewe umeandika kwamba walizinunua wote wawili na hakuna aliyejua ipi ya nani. Kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa ya Egidius hata kabla mume wako hajafungua mdomo. Humpi zawadi. Unamrudishia chake. Na hapohapo mapenzi yako kwa vitu hivyo ni ya kweli, sikucheki, najua mtu anavyoweza kushikamana na kitu anachokigeuza kwa mikono, kuliko na muziki unaopita tu redioni ukaenda zake. Ndiyo maana sikuambii ubebe kabati zima ukalitupe kwenye nyumba isiyojua.

Fanya hivi. Usingoje mvuno mwingine wala mwezi mwingine, wiki hii hii unayosoma gazeti, mchukue wifi yako Balbina, maana mjane peke yake akienda kwa mwanamume midomo itafanya kazi, bebeni mashine na santuri nyingi kadiri mikono yenu inavyoweza. Mweleze Egidius maneno ya Kelestini kama yalivyosemwa. Usipunguze, usiongeze, usimwekee na yale mavuno. Mpigie anazotaka. Kisha, kaka yake akiwepo na kusikia, mwulize Egidius anataka ziwe wapi baadaye. Akisema zibaki kwake, zibaki. Utashuka kwenye basi mikono mitupu na hutaniandikia tena kulia juu ya hilo. Akisema vingine, utafuata hivyo vingine. Nusu kwa nusu sitaki kuisikia, hampasui ng'ombe.

La mwisho umelizunguka barua nzima kama mtu anayezunguka nyoka njiani. Ugonjwa huo una jina, ni UKIMWI. Umeandika hujui una muda gani. Basi kajue. Hospitali iko hapohapo Ifakara, nenda ukapime damu, na usiende peke yako. Ukikuta uko salama, utaishi. Ukikuta hauko salama, utaishi pia, kwa mpango, ukila vizuri na kutibu kila homa mapema, na utajua nani wa kumfundisha binti yako wa Mngeta namna ya kushika santuri pembeni. Mtu wa kumfundisha huyo ni wewe. Mwite nyumbani, akiwa na unga au hana.


BARUA NYINGINE KUTOKA IFAKARA

Dada Wilhelmina,

Egidius tumemzika Jumamosi iliyopita, kulekule Kisawasawa, chini ya mlima, ardhi kavu. Nilikuwepo.

Gazeti lenye majibu yako lilinifikia kwa mwalimu mmoja aliyetoka Morogoro, nikasoma nimesimama, nikakukasirikia sana juu ya uji, nikalikunja nikalitupa chini ya cherehani. Jioni Balbina akaja, nikamsomea. Akasema, "Amesema wiki hii. Leo Jumanne." Alhamisi tukapanda basi, mashine nimeipakata, yeye ana santuri zimefungwa kwenye shuka.

Damu nimetoa pia. Majibu nimeambiwa Jumatatu. Sijui nitakuandikia au sitakuandikia juu ya hayo, usinidai.

Kule Kisawasawa kaka yake Egidius alitutandikia mkeka nje, ubavuni mwa nyumba penye kivuli, wakamtoa wakamlaza hapo akiegemea ukuta. Alikuwa amepungua zaidi. Nikamwambia palepale kabla sijakaa vizuri, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Nikasema, "Shemeji, uliniuliza kama alisema neno. Alisema. Alisema, 'Zote mpe Egidius. Yeye ndiye anajua thamani yake.' Na alikuwa anakuulizia kila siku. Hakukukasirikia. Hakujua kama umekimbia, mimi sikumwambia."

Akajifunika uso kwa shati. Tulimwacha. Balbina akamgeukia kaka mtu akaanza kumuuliza habari za mahindi.

Alipotoa shati usoni akauliza, "Alisema zote?"

"Zote."

"Mzee yule," akasema. "Nusu nilinunua mimi, ananigawia." Akacheka, na mimi nikacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Alizishika moja moja. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, akawa anazisogeza karibu na lile zima, ananusa, anaeleza, hii tulinyeshewa nayo Mlimba, hii tuligombania na karani mmoja wa stesheni. Kaka yake alikaa kusikiliza, nadhani alikuwa hajui habari zote hizo. Nikamuuliza kama ulivyoniagiza, kaka mtu anasikia, anataka zikae wapi. Hakufikiri hata kidogo. "Zikae Ifakara. Hapa nani atazifuta?" Nilidhani nitafurahi. Nilijisikia kama mtu aliyepokea mzigo wa msafiri ambaye harudi.

Basi nikamuuliza tuanze na ipi. Akanitazama.

"Wewe, shemeji. Wewe unapenda ipi?"

Kelestini alinifundisha kila kitu cha santuri zile. Hilo hakuwahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza, nilikuwa napiga anayotaka yeye, na baada ya kufa nikawa napiga ambazo angetaka. Nikabaki nimeshika shuka. Balbina akaniambia chagua basi, jua linakwenda.

Nikatoa moja ndogo, jalada lake limepotea siku nyingi, anaimba mwanamke peke yake na gitaa moja, lugha hakuna hata mmoja wetu anayeijua.

"Hiyo?" Egidius akasema. "Hiyo tuliuziwa kwa makosa. Hiyo mbaya."

"Ndiyo hiyo."

"Kelestini alitaka kuitupa."

"Mimi naipenda."

Akacheka mpaka akakohoa, kaka yake akamshika mgongo. Nikashusha sindano. Yule mwanamke akaimba, watu wa nyumba ile wakatoka mmoja mmoja wakasimama mlangoni, na Egidius akafumba na lile jicho zima, kidole kinagonga mkeka taratibu. Ilipokwisha hakufumbua.

"Kumbe," akasema. "Irudie."

Nikairudia.

Serafina.